Ofisi Nyumbani: Kaa Kwanza, Pamba Baadaye

Labda unachambua mboga, labda unanyonyesha, au labda uko mbele ya cherehani na redio iko hapo kando. Leo tunazungumzia mahali unapofanyia kazi nyumbani mwako: meza, kiti, mwanga, hewa, na mtoto anayetambaa miguuni pako.

Huenda ukauliza, "Ofisi na afya vinahusiana vipi?" Na huenda ukaongeza, "Mimi hata ofisi sina." Hebu tuanze na hilo la pili. Ikiwa unashona nguo za watu, una ofisi. Ikiwa wewe ndiwe mweka hazina wa chama, na kila Jumapili jioni unafungua daftari kujumlisha michango, una ofisi. Ikiwa wewe ni mwalimu unayesahihisha madaftari usiku, au unauza bidhaa kwa simu, au unaandika kwa kompyuta kazi unayotumiwa kutoka mbali, una ofisi. Mahali popote unapokaa saa nyingi ukitafuta riziki ni ofisi, hata kama ni ukingo wa kitanda.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia nchini na shule zikafungwa, watu wengi walijikuta wakifanyia kazi kwenye meza ya chakula au kwenye kochi, watoto wakiwa wamewazunguka. Haukupita muda kabla ya kuanza kulalamika: mgongo unauma, shingo imekauka, macho yanawasha. Lakini kwa mama mshonaji, hayo hayakuwa mageni. Wala si maradhi ya juzi. Mwaka wa 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Alipowaeleza makarani wa wakati wake, alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kukaa bila kuinuka, kusogeza mkono kwa namna ile ile siku nzima, na kuchosha akili kwa kuogopa kukosea hesabu. Mama mweka hazina, je, si wewe huyo anayesemwa?

Sasa, mtu akipata shilingi za kutengeneza mahali pa kazi nyumbani, mara nyingi huanza na urembo. Hununua pazia, picha ya ukutani, kiti kinachozunguka. Urembo si vibaya, na tutaufikia. Lakini leo tunakuomba ugeuze mpangilio. Kaa kwanza, pamba baadaye. Mwache mwili wako uchague meza ikae wapi. Mwache mtoto wako aamue ni kitu gani kiwe chini na kipi kiwe juu. Ukishayamaliza hayo mawili, urembo utafuata, na mwingi wake hautakugharimu sana.

Jambo la kwanza ni mahali penyewe. Tuchukue mfano wa mama anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga. Kitanda kiko upande huu, jiko liko upande ule, na pazia limegawa katikati. Ataweka wapi meza yake? Atafute pembe yenye sifa tatu: iwe karibu na dirisha, iwe mbali na jiko, na akiwa ameketi aweze kumwona mtoto bila kugeuza kiuno. Ukikosa moja kati ya hizo tatu, usikose ile ya kumwona mtoto.

Kuhusu dirisha, sisi tuna bahati. Nchi yetu inapitiwa na Ikweta, kwa hivyo mwanga wa mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Huo ni mwanga wa bure. Lakini ujue tabia yake. Dirisha linalotazama mashariki huingiza jua kali asubuhi, na la magharibi huingiza jua kali alasiri. La kaskazini au la kusini huwa na mwanga mtulivu zaidi. Chunguza dirisha lako kwa siku moja kabla ya kuweka meza.

Kisha usiketi ukiwa umelikabili dirisha moja kwa moja, wala usilipe mgongo. Ukilikabili, jua litakupiga machoni. Ukilipa mgongo, kivuli chako kitaangukia kazi, na kama unatumia kompyuta, kioo chake kitamemetuka. Keti dirisha likiwa ubavuni. Ikiwa unaandika kwa mkono wa kulia, liwe kushoto kwako, ili kivuli cha mkono kisifunike maandishi. Ikiwa unatumia mkono wa kushoto, liwe kulia.

Jambo la pili ni kiti na meza. Huhitaji kiti cha bei ghali. Unahitaji kiti kinachokutosha wewe. Keti sasa hivi, kama unaweza, tupime pamoja. Nyayo zako zote mbili zinagusa sakafu? Magoti yako yako karibu sawa na nyonga? Mgongo wako umeegemea kitu? Mabega yako yamelegea, au yamepanda kama mtu anayehisi baridi? Viwiko vyako viko karibu sawa na kimo cha meza? Ukijibu ndiyo mara tano, una kiti kizuri hata kama ni cha plastiki.

Ukijibu hapana, kuna marekebisho. Nyayo zikining'inia, weka chini yake kisanduku cha mbao au matofali mawili yaliyofungwa kwa kitambaa. Mgongo ukiachwa wazi, kunja leso kama mwanasesere mnene uiweke kiunoni, pale mgongo unapoingia ndani. Meza ikiwa juu mno, ongeza mto kwenye kiti, kisha uinue nyayo kwa kisanduku. Meza ikiwa chini mno, mwombe seremala akuwekee vipande vinne imara vya mbao chini ya miguu yake, na uhakikishe haitikisiki.

Wewe wa cherehani ya kukanyaga, sogeza kiti karibu ili usiinamie sindano. Inama kidogo kutoka kwenye nyonga, usikunje mgongo kama upinde. Badilisha miguu, usikanyage kwa mmoja tu. Wewe wa kompyuta ya kubebeka, iweke juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho yako, na ikiwezekana tafuta kibodi ya pembeni. Kioo kiwe mbali nawe kiasi cha mkono ulionyooshwa. Na wewe unayefanya biashara kwa simu, inua simu ifuate macho, usishushe kichwa kiifuate simu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kila unapokiinamisha, shingo inabeba zaidi.

Jambo la tatu ni macho. Kuna kanuni rahisi ya kukumbuka. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, kiasi cha mita 6, kwa sekunde 20. Tazama mti wa jirani, au nguo kwenye kamba ya kuanikia. Kisha pepesa macho mara kadhaa, kwa sababu anayekazia kioo au sindano husahau kupepesa, na macho hukauka.

Hapa kuna jambo ambalo mama wengi hawaambiwi. Ukifikia umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kuwa ngumu, na kuona vitu vya karibu huwa shida. Utajikuta unaishika sindano mbali, kisha unamwita mtoto akutungie uzi. Utajikuta unakosea tarakimu kwenye daftari la chama. Wapo wanaoacha ushonaji wakidhani macho yamekufa. Hayajafa. Ni hali inayompata karibu kila mtu kwa sababu ya umri, na mara nyingi miwani ya kusomea inatosha. Nenda kliniki ya macho upimwe. Usinunue tu miwani yoyote barabarani kabla ya kupimwa, kwani mpimaji anaweza kugundua ugonjwa mwingine mapema, kama vile glakoma, ambayo huiba uwezo wa kuona polepole bila maumivu.

Kwa kazi ya usiku, tumia mwanga wa kutosha. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na hula stima kidogo sana. Ikiwa huna stima, taa ya sola ni bora kuliko koroboi. Mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hewa ya nyumbani, na likashauri watu wasitumie mafuta ya taa nyumbani, kwa sababu moshi wake hudhuru mapafu na moto wake huchoma watoto. Mama anayeinamia koroboi kusahihisha madaftari anavuta moshi huo puani moja kwa moja, na mtoto aliyelala karibu anauvuta pia.

Hiyo inatuleta kwenye jambo la nne, nalo ni hewa. Hapa naomba usikilize kwa makini sana, mama, kwa sababu tunazungumzia uhai. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, sehemu za nyanda za juu huwa na baridi kali. Mama anataka kumaliza kushona sare za shule, mikono imekufa ganzi, basi anaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Usidhani kwamba moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu, hatari imekwisha. Hapo ndipo sumu hutoka bila kuonekana.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na mwili kulegea. Mama husema, "Ni uchovu," au, "Ni malaria inaanza," kisha analala kidogo. Wengine hawaamki. Ukizihisi dalili hizo mahali penye jiko, toka nje mara moja na mtoto wako, acha mlango wazi, na mwende hospitali. Pasi ya makaa nayo ni vivyo hivyo: ipige nje au mahali penye hewa nyingi, usiifungie chumbani. Ukihisi baridi unapofanya kazi, vaa sweta na soksi, jifunike leso miguuni, na uache dirisha wazi kidogo.

Jambo la tano ni stima. Ukitazama pembe nyingi za kazi, utaona soketi moja ikilisha waya mmoja, na waya huo ukilisha simu, redio, kompyuta, birika na pasi. Waya ukiwa na joto unapouguza, umebebeshwa mzigo kupita kiasi. Pasi na birika vichomekwe peke yake kwenye soketi ya ukutani. Usipitishe waya chini ya zulia au mkeka, kwani ukichubuka hutauona. Usifunge waya uliokatika kwa karatasi ya plastiki. Mwite fundi wa stima aliyehitimu. Kinga ni bora kuliko tiba, na pesa za fundi ni chache kuliko za nyumba iliyoungua.

Jambo la sita ni mtoto. Mtu wa mjini aliye na ofisi ya mbali humwacha mtoto nyumbani na yaya. Wewe unayefanyia kazi nyumbani uko na mtoto hapo hapo, na faida yake ni kubwa. Lakini pembe ya kazi imejaa vitu vinavyong'aa, na kila kinachong'aa huishia kinywani.

Fanya hivi leo. Piga magoti, kisha shuka utambae mpaka kwenye meza yako, ukiitazama kwa macho ya mtoto. Unaona nini? Utaona pini iliyoanguka jana. Utaona waya wa kuchajia simu unaoning'inia. Utaona ukingo wa kitambaa cha meza, na juu yake kikombe cha chai moto. Mtoto akivuta kitambaa hicho, chai yote inamwagikia usoni. Kwa hivyo, katika nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, ondoa kitambaa cha meza kinachoning'inia, hata kama ni kile kizuri ulichofuma mwenyewe. Kitundike ukutani, kitapendeza vile vile.

Sindano, pini, makasi, vifungo na sarafu vikae kwenye kopo lenye kifuniko kinachokaza, juu ya rafu. Mafuta ya taa na dawa ya madoa visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, na usimpe maziwa ukidhani yatazima sumu. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Mkimbize hospitali, na ubebe ile chupa daktari aione.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho wengi hawakijui hatari yake: betri ya mviringo kama kifungo, ile iliyo kwenye kikokotoo, saa ya mezani, na vichezeo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuchoma koo ndani ya muda wa saa 2. Anaweza kutokwa na mate mengi, kukataa chakula au kukohoa, na wakati mwingine haonyeshi dalili yoyote. Ukishuku tu, nenda hospitali yenye mashine ya eksirei bila kungoja. Usimtapishe.

Na akiungua kwa chai au pasi, mwagilia mahali hapo maji safi baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Funika kwa kitambaa safi, na umpeleke kituo cha afya.

Mpe mtoto pembe yake pia. Tandika mkeka mahali unapoweza kumwona, mbali kidogo na meza, na uweke vichezeo vikubwa visivyoingia kinywani. Mtoto mkubwa mpe "ofisi" yake: boksi, karatasi na kalamu za rangi. Atajivuna kufanya kazi na mama. Lakini usimwachie mtoto mkubwa kazi ya kumlinda mdogo kana kwamba yeye ni mtu mzima. Ikiwa nyanya au shangazi anaweza kukaa naye kwa muda unapofanya hesabu ngumu, mwombe. Si aibu.

Kwako wewe unayenyonyesha, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyeshea watoto wao. Nyumbani mwajiri ni wewe mwenyewe. Je, umejitengea mahali? Weka kiti kimoja chenye mgongo, na mto wa kumwinulia mtoto afikie ziwa, ili usimwinamie. Usinyonyeshe huku unashona au unachapa. Hizo ni dakika zako za kupumzika, na mtoto wako anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Ukilazimika kupeleka kazi kwa mteja, kamua maziwa uyaache kwenye chombo safi chenye kifuniko. Yanaweza kukaa chumbani kwa muda wa saa 4 hivi joto lisipozidi nyuzi 25. Kwenye joto kali kama la Pwani au Turkana, apewe mapema zaidi. Mlezi ampe kwa kikombe safi.

Jambo la saba ni kupumzika. Hata kiti kizuri kabisa kinaumiza ukikikalia mchana kutwa. Inuka kila baada ya nusu saa. Anika nguo, chota maji, zungusha mabega mara kumi, kisha rudi. Hii ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito, kwa sababu kukaa muda mrefu huvimbisha miguu na huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kunywa maji pia, usiogope kwenda choo.

Tena kuna kupumzika kwa akili. Ofisi iliyo nyumbani haina kengele ya kufunga. Mteja anapiga simu saa tatu usiku, na daftari linakuita wakati unapolisha watoto. Basi weka saa ya kufunga, uwaambie wateja wako. Ikifika saa hiyo, chukua leso uipendayo, ifunike meza yote, mashine na karatasi. Huo ndio mlango wa ofisi yako. Leso ikishashuka, wewe ni mama na jamaa, si mfanyakazi. Na ukipanga leso hiyo vizuri, chumba kizima kitapendeza hadi asubuhi.

Naam, sasa tumefika kwenye urembo. Anza na ukuta. Ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa huutawanya mwanga wa dirisha, na chumba huonekana kikubwa. Nyumba ya udongo inaweza kupakwa chokaa. Ukinunua rangi ya dukani, uliza isiyo na madini ya risasi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Ikiwa paa ni la mabati na chumba kina giza, fundi anaweza kubadilisha bati moja akaweka linalopitisha mwanga.

Karatasi na stakabadhi ziingie kwenye kiondo kilichotundikwa msumarini. Kreti za mbao zikipigwa msasa na kupakwa rangi huwa rafu nzuri, lakini zipigiliwe ukutani zisije zikamwangukia mtoto. Chagua rangi mbili unazozipenda, tuseme buluu na njano, kisha pazia, mto wa kiti na kopo la kalamu vifuate rangi hizo. Chumba kitaonekana kimepangwa, hata kama vitu vyote ni vya zamani. Pazia lisifikie jiko.

Ukipenda mmea, uweke juu mtoto asiufikie, kwa sababu mingine ina sumu. Na ule mkebe wa kukingia maji chini ya chungu, umwage na kuusugua kila wiki. Maji yaliyotuama ndani yake huzalisha mbu, wakiwemo wale wanaoeneza homa ya dengi, ambayo imewahi kuzuka Mombasa zaidi ya mara moja.

Kabla hatujaagana, zijue dalili za kutopuuza. Vidole vikifa ganzi au kuwasha usiku, hasa kidole gumba na viwili vinavyokifuata, mshipa wa fahamu wa kiganja huenda umebanwa. Hali hii huwapata wanaoshona na wanaochapa, na pia akina mama wajawazito. Mwone daktari mapema. Maumivu ya mgongo yakizidi wiki kadhaa, yakishuka hadi mguuni, au yakija pamoja na homa, nenda kituo cha afya. Na ikiwa maumivu ya mgongo yanaambatana na miguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukianza kukosa pumzi ghafla, usingoje pia.

Mama mpendwa, mlezi mpendwa, mashine ikiharibika fundi huleta kipuri. Mgongo wako na macho yako havina kipuri sokoni, na mtoto wako hana wa kufanana naye. Ndiyo maana tunasema, kaa kwanza, pamba baadaye. Wiki hii fanya mambo matatu tu: pima kiti chako, tambaa uone meza kwa macho ya mtoto, na utoe jiko nje ya chumba cha kazi. Haba na haba hujaza kibaba.



Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Je, wewe hufanyia kazi sehemu gani ya nyumba? Ni kitu gani kimoja unachoweza kubadilisha bila kununua chochote?

2. Ni vitu gani vya hatari ulivyoviona ulipotambaa hadi kwenye meza yako?

3. Kwa nini makaa mekundu yasiyo na moshi bado ni hatari katika chumba kilichofungwa?

4. Mtoto akinywa mafuta ya taa, tufanye nini, na tusifanye nini?

5. Nani nyumbani anaweza kukusaidia ili upate saa ya kufunga kazi?